Ndoo ya Mwana Kupona

Jumamosi nilikuwa nasahihisha karatasi 47 za Kidato cha Tatu, chai imepoa kando, nikafika kwenye jibu lililonifanya niweke kalamu chini. Swali lenyewe nililiona jepesi: soma beti tatu za mwanzo za utenzi wa Mwana Kupona, eleza hali ya nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, kisha uthibitishe kwa maneno ya shairi. Kijana mmoja akaandika:

"Nafsineni ni mgonjwa wa kutapika. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Halafu anamwambia binti yake alete ndoo mbele."

Nilicheka mpaka mume wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Naye akacheka, kisha akasema, "Lakini si kweli alikuwa mgonjwa?"

Beti zenyewe ndizo hizi. Tahajia hubadilika kidogo kutoka kitabu kimoja hadi kingine, maana utenzi uliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Hiki ni Kiswahili cha kaskazini, cha Lamu na Pate. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi huu mwaka 1858, ukiwa ni wasia kwa binti yake. "Ndoo" hapo ni "njoo". "Ndoo mbee ujilisi": njoo mbele ukae. Hakuna ndoo, hakuna kutapika. Kuna mama tu anayemwita mwanawe asogee.

Basi nikapiga mkasi mwekundu, nikasonga mbele. Karatasi iliyofuata: "Nafsineni ni mama mwenye mapenzi na hekima." Nukta. Iliyofuata: "Nafsineni ni mzazi mwenye busara na anampenda mwanawe." Nukta. Nikahesabu. Karatasi 31 zilikuwa na sentensi hiyo hiyo, imebadilishwa shati tu, na nilijua ilikotoka, maana ule mwongozo wa kupiga chapa unaozunguka bwenini nami ninao nakala yake. Sentensi si ya uongo. Lakini hata mmoja kati ya wale 31 hakuionyesha ndani ya shairi. Ungeweza kuwapa karatasi tupu badala ya beti tatu wakaandika jambo lile lile.

Nikarudi kwa kijana wa ndoo. Yeye alikuwa ameokota neno, "maradhi". Akaokota la pili, "yametimu mwaka". Akaona "ndoo". Akayaunganisha, akafuata yanakomwelekeza. Kwamba neno moja lilimdanganya ni shauri jingine. Katika darasa zima, mtu aliyesoma shairi alikuwa huyu aliyekosea.

Hapo nikamkumbuka Mama na daftari lake.

Mama alikuwa na duka Mtwapa, duka la dirisha moja na mbao mbili za kukalia nje. Wateja wa mkopo waliandikwa katika daftari la kurasa mia, na wengi hawakuandikwa majina: Mama wa Kona, Shati Jekundu, Mwalimu Mrefu, Fundi Baiskeli. Tangu nikiwa na miaka tisa, kila jioni Mama aliniita, "Njoo na daftari," nikakaa juu ya kreti la soda, yeye akataja, mimi nikaandika. Mwanzoni niliandika tu. Baadaye nikaanza kusoma.

Maana daftari la madeni husema mengi. Mtu anachukua unga kilo mbili kila Jumamosi, ghafla anachukua kilo moja: ama pesa zimepungua, ama watu wamepungua. Mtu hajawahi kununua mshumaa, wiki hii kanunua mitatu: stima imekatwa. Fundi Baiskeli kwa miezi mingi alikuwa mkate nusu, sukari robo, majani ya chai. Mkate nusu, mkate nusu, mkate nusu. Siku moja nikaandika mkate mzima. Kesho yake mkate mzima. Siku ya tatu mkate mzima na sabuni ya kuogea, ile yenye harufu.

Nikamwambia Mama, "Fundi ameoa!"

Hakuinua kichwa. "Daftari limesema ameoa?"

"Limesema mkate mzima."

"Basi mkate mzima. Ukitaka kuongeza, sema siku hizi hali peke yake. Hapo umefika, mwanangu. Usivuke."

Mimi nikavuka. Shuleni nilimtangazia kila mtu kwamba Fundi kaoa mke mzuri anayenukia. Wiki iliyofuata mzee mwembamba akaja dukani akiongozwa na mtoto wa jirani, akaulizia mkate wa fundi. Alikuwa babake, ameletwa kutoka Taita kutibiwa macho. Ile sabuni mpaka leo sijui niiweke wapi.

Jumatatu nikaingia darasani na lile jibu la ndoo. Sikutaja mwenyewe, lakini mwenyewe akanyoosha mkono, "Ni mimi, Mwalimu," na darasa likaanguka. Nikangoja watulie. Kisha nikasema sitawaambia maana ya neno lile. Nataka mtu anithibitishie kwamba si ndoo ya maji, na asitumie kitu kingine ila kilichoandikwa kwenye hiyo karatasi na kilichomo kichwani mwake.

Kimya. Halafu msichana wa mbele akasema, "Kama ni ndoo, basi ameomba ndoo na wino na karatasi. Mgonjwa gani anatapika huku anaandika?" Kicheko tena, lakini hiyo ilikuwa hoja. Alikuwa ameangalia majirani wa neno.

Mwingine, anayesoma madrasa jioni, akasimamia "ujilisi". "Jalasa ni kukaa, Mwalimu. Na ile u ni kama ya upulike pale juu. Anamwamrisha." Kwa hivyo mstari una amri ndani yake, na mtu huambiwa njoo ukae, ndoo haiambiwi ikae. Nikamuuliza kama kuna amri nyingine kabla ya hapo. Akatazama. "Negema. Sogea." Basi mama ameshamwita mwanawe asogee tangu ubeti wa kwanza, na ubeti wa tatu anamwita tena.

Kisha nyuma kabisa, karibu na dirisha, kijana wa kutoka Lamu ambaye muhula mzima sijamsikia akizungumza zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina, akasema polepole, "Kwetu njia ni ndia. Njoo ni ndoo."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika hivyo kwenye mtihani. Akasema alidhani ya nyumbani hayaruhusiwi kwenye karatasi ya Kiswahili.

Sina la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba lilinikaa kooni siku nzima. Sisi walimu ndio tuliomfundisha hivyo. Katika chumba kile yeye peke yake alikuwa na ufunguo wa mlango, akauficha mfukoni kwa adabu. Tukapitia beti tena tukimfuata yeye: "lema" ni jema, "mbee" ni mbele, na katika beti za mbele "kuyua" ni kujua. Ukishaona j ya sanifu ikigeuka y au nj ikigeuka nd mara kadhaa, huhitaji kamusi kwa lile la ndoo. Lugha ya mtungaji yenyewe imekupa kanuni.

Nilitaka tuishie hapo. Lakini msichana yule wa mbele alikuwa bado hajatosheka. "Mwalimu, kumbe binti alijua kuandika?"

Nimefundisha beti hizi miaka 11. Nimeeleza vina, nimeeleza mizani nane nane, nimeeleza lahaja. Wino na karatasi nimevipita kama mtu anavyopita jiwe la barabarani alilolizoea. Nikasema, "Thibitisha."

"Ameambiwa akae na wino na karatasi."

"Hakusema andika," akadakia kijana wa ndoo. Nilimpenda sana wakati ule. "Labda binti alete tu, mama aandike mwenyewe."

Na kweli, ukitafuta "andika" katika beti hizo tatu hulipati. Darasa likagawanyika. Nikawaacha wabishane, ila kwa sharti moja: kila anayesimama ataje mstari kwanza. Wa upande wa binti wakasema ubeti unaishia "nimependa kukwambia". Mama atasema kwa mdomo, na anayeambiwa ndiye aliyekaa na karatasi mbele yake. Karatasi ya msikilizaji ni ya nini kama si ya kuandika anachosikia? Wakaongeza kwamba mama ni mgonjwa wa mwaka mzima. Upande wa pili wakasema mgonjwa anaweza kushika kalamu, na maradhi ya mwaka si lazima yawe ya mkono. Mmoja akasema neno ambalo sikulitarajia: "Wasiati ni wosia. Wosia unahitaji shahidi, hauhitaji mwandishi." Sijui kesho atakuwa wakili au mwizi.

Nikawaambia msimamo wangu. Naegemea upande wa binti. Dalili zinamwelekea yeye zaidi: yeye ndiye aketi, yeye ndiye mwenye wino, yeye ndiye aambiwe. Lakini naandika "inaelekea binti aliweza kuandika", siandiki "binti aliweza kuandika". Na siandiki kamwe "wasichana wa Siu wakati ule walisoma" (Siu ni mji wa kisiwani Pate), maana hapo nimeshatoka kwenye mkate mzima nimefika kwenye harusi. Karibu na mwisho wa utenzi mama anawageukia wanawake wote akiwaambia "someni", na hilo linasaidia kidogo; ila kusoma kwa wazee wetu kulikuwa pia kughani kwa sauti kitu ulichokihifadhi, kwa hivyo hata hilo nalipima kabla ya kuliegemea.

Vijineno hivi, inaelekea, yamkini, huenda, pengine, wanafunzi wangu huviogopa. Wanadhani msahihishaji ataona hawana uhakika. Badala yake hutia "bila shaka", tena huitia pale hasa penye shaka. Nikiikuta "bila shaka" mwanzoni mwa sentensi, nashuka chini kutafuta ushahidi, na mara nyingi sikuti kitu. Chuoni mhadhiri mmoja alinirudishia insha iliyojaa "bila shaka" za namna hiyo, na pembeni ya kila moja alikuwa ameandika neno moja tu kwa penseli: "Wapi?" Nilihesabu "Wapi?" 14 katika kurasa sita. Nilimchukia kwa muhula mzima. Sasa nami naandika "Wapi?" mpaka wino unakauka.

Ugonjwa mwingine ni wa wale waliosikia kwamba wanukuu, basi wananukuu ubeti mzima. Hoja mstari mmoja, kisha "mfano:", kisha mistari minne imemwagwa pale, kisha hoja nyingine. Huo ni mzigo umetuliwa mlangoni kwangu, nijichagulie mwenyewe ni neno gani linathibitisha nini. Nawaambia wakate. Wachukue neno moja au mawili yanayobeba uzito, wayashone ndani ya sentensi yao, halafu (na hapa ndipo wengi huchoka) waseme neno hilo limewafikishaje huko walikofika. Siku hiyo tulijaribu pamoja ubaoni, wakitaja, nikiandika, tukifuta. Tulipata hivi:

"Inaelekea nafsineni anahofia kwamba muda wake ni mfupi. Maneno yake anayaita 'wasiati', na wosia ni kitu mtu anachowaachia anaowatangulia. Maradhi 'yametimu mwaka', na muda wote huo 'sikupata kutamka neno lema'. Aliyenyamaza mwaka mzima kisha akaagiza wino hatosheki na kusikilizwa. Anataka maneno yabaki baada yake."

Sentensi tano. Ile ya mwisho ni ya kijana wa ndoo, nimenyoosha "yabaki" tu, alikuwa ameandika "yabakie". Mahali popote hakuna "hekima na mapenzi", ingawa ukimaliza kusoma unayaona yote mawili.

Kuna aliyetaka tuongeze kwamba mume wa Mwana Kupona alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani Seyyid Said. Ni kweli, na ni habari tamu. Nikamuuliza imo katika beti tatu tulizopewa? Haimo. Habari za nje huangazia shairi, lakini swali likisema "kwa maneno ya shairi", historia ya Pate yote haikupi nusu alama.

Wiki hiyo hiyo ikatokea ya radhi tano. Nilitaka tuione kazi ngumu zaidi: ushahidi unapovutana. Kuna ubeti unaojulikana sana unaotaja radhi ambazo mwanamke anazihitaji:

Nda Mngu na Mtumewe
baba na mama wayuwe
na ya tano nda mumewe
mno imekaririwa

Wavulana walifurahi. Wasichana watatu wakaandika kwamba utenzi unamdhalilisha mwanamke, na safari hii ushahidi waliutoa, haukuwa wa mwongozo. Radhi ya mume imewekwa kwenye orodha moja na ya Mungu, kisha mtungaji anasisitiza kwamba "mno imekaririwa". Ni usomaji wenye miguu. Nikawapa alama zote. Kisha nikawaonyesha mistari hii, juu ya mume huyo huyo:

Mtunde kama kijana
asiyoyua kunena

Wakaanza na kosa lile lile la ndoo. "Kijana" wakamfikiria wa umri wao, mwenye simu. Mmoja akawarudisha: "asiyoyua kunena", asiyejua kusema. Kijana wa hapa ni mtoto mchanga. Mstari wa pili unaufasiri wa kwanza. Kwa hivyo binti anaambiwa amtunze mumewe kama mtoto ambaye hata kusema hajui.

Darasa likanyamaza kidogo, halafu kicheko kikaanzia upande wa wasichana.

Sasa ni utiifu au ni kejeli? Wapo waliosema ni mapenzi tu, mtoto mchanga hupendwa. Wapo waliosema mama anamnong'oneza mwanawe kwamba mwenye nguvu ndani ya nyumba ni yule anayemlisha mwenzake. Mimi nadhani utii upo, tena umetandazwa katika beti nyingi kati ya zile 102, huwezi kuufagia chini ya mkeka kwa sababu haukupendezi. Cheko nalo nalisikia, lakini lina mistari michache ya kusimamia, kwa hivyo nikiandika juu yake naandika kwa sauti ya chini. Mwanafunzi mmoja akauliza jibu la mtihani ni lipi. Nikamwambia ni lile utakaloniambia wapi. Hakuridhika, na sikumlaumu. Mtihani ni mtihani.

Nilimpa kijana wa ndoo alama moja kati ya nne. Alikuja ofisini kudai ya pili. Hoja yake: mgonjwa nilikubali ni mgonjwa? Nilikubali. Ushahidi wa "maradhi" na "yametimu mwaka" ni wa kweli? Ni wa kweli. Basi kilichoharibika ni ndoo tu. Nikamwongeza.

Jioni ile nikampigia Mama simu kumsimulia. Alipenda sana ile ya ndoo, akanifanya nirudie mara mbili. Nikamsomea ubeti wa wino na karatasi, nikamwambia unanikumbusha sisi wawili dukani, yeye akitaja, mimi juu ya kreti nikiandika. Nikamwambia, na sauti ilikuwa imeanza kunibadilika, kwamba miaka hii yote nimejua ile ilikuwa njia yake ya kunifundisha. Alijua kuandika vizuri kuliko mimi, lakini aliniachia mimi kalamu ili nizoee, na labda bila jioni zile nisingekuwa mwalimu.

Mama akanyamaza kidogo.

"Jioni ndiyo saa ya kupima mafuta ya taa," akasema. "Mikono yangu ilikuwa inaharibu daftari."

Daftari moja ninalo, nililichukua duka lilipofungwa. Nimelitoa kabatini usiku huo huo. Kurasa za jioni zina mwandiko wangu wa kitoto na ni safi. Zile chache za jioni ambazo nilikuwa mgonjwa au nimeenda kwa shangazi zina mwandiko wa Mama, na kila moja ina alama ya dole gumba kwenye pembe, ya rangi ya chai, karatasi imelainika pale mpaka unaona herufi za ukurasa wa pili.

Nimelifungua daftari hilo mara ngapi, sijui. Sikuwahi kuziangalia zile pembe.